Rula na Herufi Zilizosinyaa

Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye vyeti. Mjini kote aliitwa Rula, na jina hilo hakulipata bure. Alikuwa mchora mabango asiyepiga mstari. Mafundi wenzake huanza kwa kuvuta uzi uliopakwa chaki, wakauachia upige ukutani na kuacha alama, ndipo waandike juu ya alama hiyo kama watoto wa darasa la kwanza. Rula alikuwa akiuangalia ukuta, anakohoa kidogo, anachovya brashi. Herufi zilitoka zimesimama kimo kimoja kutoka pembe hii mpaka pembe ile. Wabishi walikuja na futi kupima. Walirudi kimya.

Ukitembea mtaa ule ulikuwa unasoma mkono wake tu. Kinyozi, duka la dawa, gereji, shule ya chekechea, ofisi ya maji. Hata onyo la USIKOJOE HAPA nyuma ya soko lilikuwa lake, na aliliandika kwa ufundi kiasi kwamba walevi wenyewe waliona haya, wakasogea mbele kidogo.

Mahali pamoja tu hapakuwa na maandishi yake, nako ni kwake mwenyewe. Mkewe alikuwa fundi cherehani, akishonea barazani tangu watoto wao wakiwa wa kubebwa, na kila mwaka aliomba bango. Rula alimwahidi kila mwaka. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, wakaishia hapo. Hawakusema neno juu ya mke wa kinyozi, ambaye ndiye anayezitazama hizo nywele kutwa.

Ugonjwa uliingia kwa mlango wa pua. Rula aliacha kusikia harufu ya tapentaini, akaenda kumgombeza muuza rangi kwamba anachanganya na maji. Muuza rangi akaapa, akafungua debe jipya mbele yake, watu wote dukani wakapiga chafya isipokuwa Rula. Baadaye mkono wa kulia ukaacha kupunga akitembea, ukawa umekunjika ubavuni kama wa mtu aliyebeba gazeti kwapani. Kisha uso ukafuata. Mkewe alikuwa akimwuliza amenuna nini, naye anasema hakununa, na mke anamwuliza kama hakununa mbona sura imefungwa kama duka lililofilisika. Waligombana wiki nzima kwa sababu ya sura ambayo mwenyewe hakujua anaivaa.

Aibu yenyewe ilimkuta kwenye ukuta wa duka la vifaa vya ujenzi. Mwenye duka alitaka maneno matatu, VIFAA VYA UJENZI, yajaze ukuta mzima, yasomeke kutoka kituo cha mafuta. Rula alipanda ngazi asubuhi. Akaandika V ya kwanza, akashuka, akasogeza ngazi, akapanda, akaandika I. Hakurudi nyuma kutazama, maana tangu ujana wake hakuwahi kurudi nyuma kutazama. Mkono ulimwambia kila herufi iko sawa na mwenzake, naye akauamini. Fundi mwingine yeyote angekuwa na mistari yake miwili ya chaki, juu na chini, na angeona herufi zikiachana nayo. Yeye hakuwa na mstari wa kumsuta.

Aliposhuka mara ya mwisho alikuta watu wamejaa barabarani, akadhani wanamsifu. Akavuka, akageuka. V ilikuwa na kimo cha mtu mzima. Zilizofuata zilikuwa zikipungua, kila moja ndogo kidogo kuliko iliyoitangulia, hadi I ya mwisho, ambayo ungeweza kuifunika kwa kiganja. Ukuta ulianza kwa kupiga kelele ukamalizia kwa kunong'ona. Mwenye duka alikuwa muungwana, hakutukana. Aliuliza tu, "Sasa Rula, hapa tunajenga au tunabomoa?" Watu wakacheka. Rula naye angependa kucheka ili yaishe, lakini uso ulikataa.

Hospitalini, daktari alimpa karatasi akamwambia aandike sentensi moja tena na tena. Maandishi yakasinyaa mbele ya macho yao, mstari hadi mstari, mpaka yakawa kama njia ya sisimizi. Daktari akasema huu ni ugonjwa wa Parkinson. Akaeleza kwamba pua, mkono na sura ni mambo yake hayo hayo, kwamba hauponi lakini mtu huishi nao, tena miaka mingi. Mkewe aliposikia habari ya sura alilia pale pale kwenye kiti, akamwomba msamaha kwa ile wiki ya ugomvi. Daktari akaandika dawa. Kisha akasema dawa ni nusu ya tiba, nusu ya pili ni mazoezi, na yeye asiyetaka mazoezi asije kulalamika kwamba dawa ni mbovu. Rula aliona kama anataniwa. Mazoezi ni ya wacheza mpira.

Basi akarudi nyumbani, akakaa. Brashi zilikauka koponi zikawa ngumu kama mifupa. Wateja walipokuja aliwaambia amestaafu, na wakimwuliza lini, anasema juzi.

Ni katika majira hayo mkewe alipata chumba cha kushonea kule barabarani. Chumba chenyewe kidogo, mlango wa vioo, na pembeni mwa mlango ukuta mrefu mweupe uliotazama njia. Binti yao alikuja siku ya kuhamisha cherehani, akasimama mbele ya ukuta ule, akasema siku hizi kuna mabango ya plastiki yanayochapwa kwa mashine, ukiagiza leo kesho liko tayari. Mama yake alimjibu bila kugeuka kwamba ukuta huu una mwenyewe.

"Mwenyewe amekwisha," Rula akasema kutoka kwenye kiti alichowekewa mlangoni. Sauti yake nayo siku hizo ilikuwa imepungua, ilibidi umsogelee. "Weka la plastiki, mama watoto. Usipoteze wateja kwa ajili yangu."

"Amekwisha nani?" mkewe akasema. "Mimi sijazika mtu."

Ukuta ukabaki mweupe. Watu walipita mbele yake wakaenda kwa fundi wa mtaa wa pili, mwenye bango linalowaka taa. Wengine waliingia kwa makosa wakidhani ni ofisi ya maji, wakaulizia bili. Mkewe alikuwa akiwaelekeza kwa adabu, anarudi kwenye cherehani, hasemi kitu jioni. Ule ukimya ndio uliomtesa Rula. Ameandika mji mzima, hata choo cha soko amekiandika, na mwanamke aliyemngoja kuliko wote amekaa nyuma ya ukuta mtupu na hataki mkono wa mtu mwingine. Akajua kwamba ukuta huo asipouandika, zile kuta nyingine zote hazitamfaa kitu. Jumatatu akaenda kwenye mazoezi, ingawa bado aliyaona ni ya wacheza mpira.

Chumba cha mazoezi pale hospitalini kilikuwa stoo ya vitanda zamani. Kulikuwa na mikeka ya sponji, viti vya mbao, na kioo kirefu kilichofunika ukuta mmoja wote. Waliokuwemo walikuwa mwalimu mstaafu, mama mmoja ambaye sauti yake ilikuwa imebaki mnong'ono, na muuza nyama mnene ambaye miguu yake hunata sakafuni kila akifika mlangoni, na wengine kadhaa wa aina hiyo. Rula aliwatazama akaona amechanganywa na wagonjwa. Aliyewafundisha alikuwa binti mfupi mwenye sauti ndefu. Kazi yake yote, kwa jinsi Rula alivyoona, ilikuwa kuwaambia watu wafanye makubwa. Simama kwa ukubwa. Piga hatua kubwa. Hesabu kwa sauti kubwa. Mazoezi yenyewe hayakuwa ya kumtoa mtu jasho. Mengine hata mtoto angeyafanya huku anakula.

Siku hiyo ya kwanza binti akawaambia wanyooshe mikono pande zote mbili mpaka mwisho, kama wanataka kugusa kuta mbili za chumba. Rula akanyoosha. Binti akaja akasimama mbele yake.

"Mzee wangu, umenyoosha?"

"Nimenyoosha kabisa."

"Mpaka mwisho?"

"Ikizidi hapa itang'oka."

Binti hakubishana. Akamshika mabega taratibu, akamgeuza kwenye kioo. Rula akamwona mzee mmoja amekunja viwiko, mikono nusu njia, kama mtu anayepima kitambaa cha mtoto. Alipoisikiliza mikono yake kwa ndani ya mwili, ilikuwa imenyooka. Alipoangalia kioo, imekunjika. Akafumba macho: imenyooka. Akafumbua: imekunjika. Nywele zilimsimama. Miaka yote alikuwa na kipimo kimoja tu duniani, kile kilichokuwa ndani yake, na kumbe mtu ameingia akaikata futi ile na kuacha namba zile zile juu yake.

Binti akaivuta mikono yake polepole hadi ikanyooka kweli kwenye kioo. Rula aliona haya. Alijihisi kama mwehu anayezuia magari barabarani, mikono imepitiliza, imevuka mipaka ya adabu. Kwenye kioo alikuwa mtu wa kawaida aliyenyoosha mikono.

"Ukiona imezidi, hapo ndipo penyewe," binti akasema. "Mwili wako utakuambia acha, unatia aibu. Usiusikilize. Ukubwa bado unao wote, mzee wangu, ila kipimo ndicho kimepungua."

Rula alitoka pale akatembea mpaka nyumbani akipiga hatua alizodhani ni za paredi. Hakuna aliyemgeukia. Jambo hilo lilimshangaza mno. Alipita mbele ya kinyozi, mbele ya gereji, akijiona jitu, na watu wakamsalimia kama kawaida, habari za leo, nzuri. Aliingia ndani akamwambia mkewe kwamba kuna kitu amekiona leo, na kwa sababu alidhani anapiga ukelele mkewe alimsikia vizuri kutoka jikoni.

Tangu hapo hakukosa. Asubuhi mwili ulikuwa mgumu kama mlango uliovimba kwa mvua, ilimbidi ajibembeleze kutoka kitandani. Kuna siku dawa ilichelewa kushika, akakaa kwenye kiti cha mazoezi akafanya ya vidole tu. Kuna siku alirudi amekata tamaa kabisa. Lakini siku nyingine ilitokea kitu. Binti aliwaambia wapinde magoti, wapeleke mkono chini kabisa kushoto, waupandishe juu, waushushe kwa mshazari mpaka chini kulia, kisha waupandishe tena. Mkono wa Rula ukaenda wenyewe. Haukukwama, haukusita.

"Hii ni N," akasema.

Binti akauliza N gani. Rula akaeleza kwamba hii ni N, ya futi sita, ya ukutani, na kwamba O ni lile zoezi la kufungua madirisha, na ile ya kuinuka na kushuka ni nusu ya M. Binti akamwambia aje mbele awaongoze. Basi watu wazima wale, wenye miguu inayonata na sauti zilizozama, wakaandika hewani herufi kubwa kuliko miili yao. Mwalimu mstaafu alishindwa kujizuia, akaanza kusahihisha. "N yako imelala," akamwambia muuza nyama, na sauti yake, iliyokuwa imezama kama za wenzake, ikasikika hadi mlangoni. Wote wakageuka kumtazama, na mwenyewe akashika mdomo.

Nyumbani Rula alianza kuandika kwa maji. Alijaza kopo, akachukua brashi pana, akaenda kwenye ukuta wa uani uliopigwa na jua, akaandika. Maji yalikauka na kuondoka na makosa yake, akaandika tena. Mwanzoni zilisinyaa zile zile. Akiandika zinazomtosha machoni, zinapungua. Akiandika zinazomtia haya, zinakuwa sawa. Hakuzoea. Kila mara alihisi anadanganya. Ukutani herufi zilisimama kimo kimoja zikingojea kukauka, naye alikuwa akizitazama hadi ya mwisho ipotee, amesahau hata kufuta mikono.

Asubuhi moja akamwambia mkewe yuko tayari. Mkewe, ambaye hajawahi kukata kitambaa bila kukichora, alisema basi ampigie mistari miwili kwa chaki yake ya nguo. Rula akakataa. Mazoezi hulainisha viungo; ukaidi nao una mizizi yake. Mkewe hakugombana. Alisema sawa, hakuna mstari, ila na ngazi hakuna; ataandika miguu ikiwa chini. Na yeye mwenyewe atasimama ng'ambo ya barabara na atasema maneno mawili tu. "Bado," maana yake endelea. "Hapo," maana yake simama. Na Rula atatii. Rula hakuwahi kumtii mtu yeyote mbele ya ukuta. Alifikiri kidogo, akakubali.

Neno lilikuwa moja: USHONAJI. Alingoja dawa ikolee mwilini, akatanua miguu kama alivyofundishwa, akachovya brashi katika rangi ya buluu. Mkewe alisimama kwenye kibaraza cha duka la viatu, futi ya kushonea ikining'inia shingoni. Mkono wa Rula, uliokuwa ukitetemeka ubavuni tangu atoke nyumbani, ulipoinuka ukatulia. U ikashuka, ikazunguka, ikapanda. S ikataka mwili mzima, nyonga na magoti. Kila alipoona herufi imefika, sauti ilikuja kutoka ng'ambo, "Bado," naye akaongeza, na alipoona imekuwa kichekesho, ikaja, "Hapo."

Watu walianza kusimama. Wengine walikumbuka ule ukuta mwingine, hawakusema, lakini Rula alijua wanakumbuka. Alipofika kwenye A alitota jasho. Mkono wote ulikuwa ukimwambia imetosha, imezidi, unaharibu. Macho yake, yaliyokuwa shubiri moja kutoka ukutani, yakaukubalia mkono.

"Bado."

Akasita. Ule mkono ulimlishia watoto. Ndio uliompa jina. Haujawahi kuwa na mtu wa kuusahihisha. Na ng'ambo kule alisimama mwanamke mwenye futi shingoni, ambaye hajui kuandika bango. Rula akavuta pumzi, akaunyima mkono sikio, akaipandisha A mpaka akajiona anaandika juu ya paa.

"Hapo."

J akaimaliza hivyo hivyo, kwa imani. Ikabaki I, mstari mmoja wa kushuka. Akaanza juu, akashusha. Bado. Akashusha, akakunja magoti. Bado. Sasa alikuwa na hakika kwamba ameitoa herufi ukutani, anaipaka barabara, anapaka viatu vya watu. Bado, mkewe akasema, kwa sauti ile ile isiyo na haraka aliyokuwa akipimia viuno vya wateja.  Rula akaendelea kushuka.

"Hapo."

Akaweka brashi chini, akavuka barabara bila kugeuka nyuma, kwa sababu aliogopa. Mkewe akamshika kiwiko. Akageuka.

Zilisimama. Zote zilisimama, kichwa sawa na kichwa, mguu sawa na mguu, kutoka U mpaka I, buluu juu ya nyeupe, na ile A iliyovuka paa ilikuwa A tu, ya kawaida, kati ya ndugu zake. Rula alitazama mpaka macho yakamwuma. Alikuwa ameandika kuta nyingi kuliko alivyoweza kukumbuka na hakuwahi kushangazwa na hata mmoja. Alijawa na hofu tamu, kama mtu aliyeamka akajikuta ng'ambo ya mto na hajui amevukaje.

 Mwishowe Rula akasema, kwa sauti kubwa kuliko alivyotaka, "Ungenidanganya, ningejuaje?"

"Usingejua," mkewe akasema.

Mtu mmoja akatoka kwenye lile kundi akauliza kama hapo wanapunguza suruali. Mama akasema wanapunguza, akavuka naye kwenda kufungua mlango. Rula akabaki kwenye kibaraza cha duka la viatu, mkono ukitetemeka, akiusoma ukuta.